Bango la Ardis na Mabakuli ya Dirishani

Benchi la mbele ya duka langu ni langu, kahawa inayonywewa hapo ni yangu, na bango lililo juu ya vichwa vya wanaoketi hapo, "Ardis: Ramli kwa Karata, Karibu Ndani", ni langu pia. Lakini kila asubuhi wazee watatu wa hapa Vesterby, Iowa, hunikalia hapo wakanisengenya mbele ya macho yangu, huku nikiwamiminia. Kuna Diwani, yaani Orville Stensrud wa baraza la mji. Kuna Mawe, Delbert Vavra, ambaye mvua ya mawe ilimpondea soya mwezi Juni na hajanyamaza mpaka leo. Na kuna Kofia, Merle Kuehl, ambaye hata kanisani haivui kofia yake mpaka mkewe amfinye. Leo jioni baraza linapiga kura bango liondolewe. Likiondoka, wapita njia wa barabara kuu watajuaje kama nipo? Nitafunga duka nihamie kwa dada yangu Omaha, na dada yangu ana paka wengi kuliko akili.

Diwani: Ardis, usinichukie. Si mimi, ni watu wanalalamika.

Mimi: Watu gani, Orville?

Diwani: Watu. Hebu niongezee kahawa.

Mawe: Mimi nalalamika! Bango lilipanda Jumatatu, mawe yakashuka Alhamisi. Dalili ya mvua ni mawingu, bwana, na wingu lenyewe ndilo hilo bango.

Kofia: Na kuku wangu je? Hawatagi tangu wiki hiyo hiyo. Wahenga walisema, mficha uchi hazai.

Mawe: Kuku wako wanaficha nini, we Kofia?

Kofia: Ndiyo ujue ni uchawi! Kuku hana hata suruali.

Mimi: Kuku wako wamezeeka kukushinda, Merle.

Diwani: Timu ya shule nayo inafungwa kila Ijumaa. Nasikia kocha alipita hapa mbele kwa miguu.

Mawe: Kupita tu! Je, angeketi?

Kofia: Binamu yangu wa Dubuque alizigusa karata kama hizo. Ng'ombe wake akazaa ndama, sura ya mkwewe kabisa.

Diwani: Ninachosema, hakuna mtu wa heshima mjini hapa aliyewahi kuingia humo ndani. Hata mmoja.

Kofia: Abadani!

Mawe: Mungu apishe mbali!

Nikawaongezea kahawa. Kazi yangu ina mwiko mmoja: la mezani hubaki mezani. Kwa hiyo sisemi nani huficha pikapu yake nyuma ya ghala la mahindi, akaja kwa miguu mpaka mlango wangu wa jikoni. Wanaokuja hivyo pesa hawatoi, eti kulipia ramli ni dhambi. Huleta viazi vya kuoka na nyama ya kusaga, bakuli zima, na huku kwetu bakuli la mtu halirudishwi tupu. Mimi kupika sijui. Basi yanalundikana. Jana niliyaosha yote nikayapanga dirishani, midomo chini, yakauke. Usafi tu, sikuwa na jingine.

Hapo akatokea Mchungaji Corinne, hana hata wiki mjini.

Mchungaji: Hamjambo, wazee? Bi Ardis, naomba kuazima bakuli la chakula cha kanisani. Loo, kumbe unayo mengi!

Akainama dirishani, nyuma ya migongo yao. Akina mama wa hapa hubandika utepe wenye jina la ukoo kwenye kitako cha bakuli, lisije likapotelea kwenye karamu.

Mchungaji: Hili limeandikwa Stensrud. Hili Vavra. Hili Kuehl, na hili Kuehl tena. Hivi yamefikaje hapa?

Hakuna aliyegeuka. Mawe alitazama mbinguni kama anayeomba mvua nyingine. Kofia akaivua kofia, mwenyewe, bila kufinywa. Diwani akaninyooshea kikombe.

Diwani: Ardis... kahawa?

Mimi: Imeisha, Orville. Kura ni saa ngapi vile?

Diwani: Kura gani?