Goita Iliyokataa Upasuaji

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mheshimiwa Mkuu wa Chuo, waheshimiwa madaktari bingwa, wahadhiri, wazazi wenzangu, ndugu wageni waalikwa, na ninyi wahitimu mnaochuruzika jasho ndani ya majoho: salamu kwenu nyote.

Nimeitwa nieleze kama somo la utu katika tiba, lile la hadithi, maigizo na falsafa, lina faida kwa mgonjwa. Wapo humu waliosema mgonjwa haponi kwa shairi. Wamesema kweli, na mimi sikusomewa shairi.

Nililazwa na goita iliyokuwa imeanza kunibana pumzi. Bingwa wetu, ambaye leo amekaa mstari wa mbele na suti nzuri kabisa, alifika wodini na wanafunzi wake nyuma. Akaishika shingo yangu, akasema, "Mnaiona? Nzuri sana hii!" Mume wangu, ambaye haoni, aliniinamia: "Mke wangu, ni wewe anayekusifu?" Nikamjibu, "Hapana, ni uvimbe."

Nilipokataa kupasuliwa, bingwa hakuniuliza neno. Aliwageukia wanafunzi: "Goita imekataa upasuaji. Mkaidi. Tuendelee." Ndugu zangu, mmewahi kukaidi pamoja na shingo yenu, halafu ikatajwa shingo peke yake?

Siku ya nne ya ukaidi wangu, mwanafunzi mmoja alirudi peke yake, yule mrefu ambaye wodi nzima ilimwita Twiga. Akavuta kiti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umetumwa kunibembeleza?"

"Sijatumwa. Nataka kujua unaogopa nini."

Wiki nzima nilikuwa nimepimwa damu, mkojo na mapigo ya moyo; hofu hakuna aliyeipima. Nikamwambia: jirani yangu alipasuliwa koo, akatoka bila sauti. Mume wangu hajawahi kuuona uso wangu. Ananijua kwa sauti. Ikipotea, atabaki anaishi na nani?

Twiga hakusema "usijali." Aliomba ruhusa ya kumweleza mkubwa wake.

Bingwa akaja. Nampongeza kwa dhati, maana Twiga alimsogezea kiti, naye akakizunguka kama mtu anayekagua mashine ngeni, mwishowe akakaa! Akatueleza, mimi na mume wangu, kwamba mshipa wa fahamu wa sauti umepita nyuma ya goita, na kwamba angeutafuta kwanza kabla ya kukata chochote. Mume wangu akamuuliza, "Daktari, unaniahidi?"

Bingwa akajibu: "Hapana, mzee. Ninachokuahidi ni uangalifu. Lakini tukiiacha, itamziba pumzi."

Ni hiyo "hapana" iliyonifanya nikubali. Mtu anayenidanganya ili nilale mezani kwake ningemwaminije na kisu?

Wahitimu, mtaajiriwa kwenye wodi zilizojaa, mtaambiwa hakuna muda wa kukaa. Mazungumzo yetu yalikwisha kabla chai ya wodini haijapoa. Ukaidi wangu ulikuwa umewapotezea siku nne.

Nilipozinduka, koo liliwaka moto. Nikajaribu kumwita mume wangu. Ilitoka sauti ya kukwaruza, ndogo, mbaya. Akageuza kichwa moja kwa moja upande wangu, akacheka huku analia: "Ni yeye! Ni yeye huyu!"

Nawashukuru nyote kwa kunitegea masikio.