Mstari Ulio Chini ya Jina la Rubani Bhadauria

Mheshimiwa Diwani, Baba Kuhani wa hekalu letu, Dada Sulochana binti wa marehemu, ndugu wageni waalikwa, na ninyi majirani zangu mlioacha vyungu jikoni: nawasalimu kwa jina la Mungu, aonaye hata tukizima taa.

Mheshimiwa, tunakushukuru kwa kuwajengea watoto wetu chumba hiki cha kusomea, na kukipa jina la jirani yetu, Raghubir Bhadauria, aliyerusha ndege ya mabomu katika vita vya mwaka sabini na moja. Umemsifu vizuri mno. Miaka yote aliyoishi nasi hukuwahi kunywa chai yake. Leo uchaguzi umekaribia, unajua hata alivyolenga! Sisi wa uchochoro huu wa Agra tuna tabia moja: tukipewa kitu bure, tunakigeuza kwanza tuone chini yake kuna nini. Nami asubuhi nilichungulia nyuma ya pazia la jiwe lile la uzinduzi pale ukutani. Kuna jina lake, na chini yake wameandika: "Hakukosa shabaha hata mara moja."

Nani aliwaambia hayo?

Mzee yule tulimshuku, nisiwafiche. Kila mwezi ukipevuka alifunga madirisha. Wengine walisema mchawi, wengine jasusi. Ikafika Sharad Purnima, sikukuu yetu ya mwezi mpevu, tunapoweka wali wa maziwa juu ya paa, mwezi uumulike, upate baraka. Mimi na mama mkwe wangu tukapanda kuutazama, tukamkuta mzee amevuka ukuta, anaufunika kwa sinia.

"We mzee! Unatutilia nini humo?" mama mkwe akafoka.

"Sijatia kitu, shemeji. Sufuria yako inang'aa."

"Si ndiyo maana nimeisugua! Unataka mwezi ubariki sinia?"

Mimi nilicheka. Mzee hakucheka. Alikaa palepale sakafuni.

"Usiku kama huu ndio tuliokuwa tukiuomba, shemeji. Mto unang'aa, reli inang'aa, mabati yanang'aa. Tuliambiwa pale ni ghala la mafuta. Nikaachia, moto ukawaka, nikageuza ndege. Yalikuwa mafuta, au walikuwa watu? Sikushuka kuona."

Mama mkwe wangu ni mwanamke asiyeamini hata mizani ya muuza vitunguu. Akamkazia macho.

"Na waliokupa nishani, wao walishuka?"

"Hapana."

"Ehee! Basi walitunuku moshi."

Ndugu zangu, kama rubani mwenyewe hakujua, na wakubwa wake hawakujua, huyu mwandishi wa jiwe amejulia wapi? Na watoto wetu, watakaojifunzia kusoma kwenye ukuta huu, tuwafundishe kwamba mtu akiwa juu sana hakosei?

Sisemi alikuwa mtu mbaya. Wala sijui kama alituambia yote. Mungu ndiye mwenye hesabu hiyo. Ninachojua ni kwamba Dada Sulochana, aliyeitwa leo kuvuta pazia, amenishika mkono pale mlangoni akaninong'oneza: "Girija, nikilivuta, nimetia sahihi."

Basi asilivute kwanza. Mheshimiwa, tunakuomba ukae nasi kidogo, chai ipo. Jina la jirani yetu libaki. Mstari wa chini uondoke, mbele yako na mbele ya binti yake.

Nawashukuru nyote kwa kunitegea masikio. Fundi Chhotelal, pita mbele na patasi yako.