Fundi Kipimo na Ndoo Iliyorudi Imejaa

Nina miaka sabini na miwili. Nimeyazika malori kumi na moja, nimewaaga mameneja sita, na meno yangu karibu yote yameshatangulia. Kwa hiyo kamati ya sherehe ilipotafuta mtu wa kuandika habari za Fundi Kipimo, haikuwa na pa kukimbilia. Wengine wote hapa wamemkuta. Shule niliishia darasa la tatu, lakini kuandika ni kama kuendesha lori: ukijua unakokwenda utafika tu, hata kama gia zinalia.

Fundi Kipimo anastaafu Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni, baada ya miaka thelathini na minne chini ya malori. Nasema chini ya malori, sisemi gerejini, maana mgongo wake unaijua sakafu ile kuliko unavyolijua godoro. Mkewe aliwahi kulisema hilo mbele za watu, na Fundi hakubisha.

Alianza kwa kuziba pancha. Mwaka wa tatu akapewa springi na shokapu, na hapo ndipo alipokaa. Nawaandikia na watu wa ofisini, kwa hiyo nieleze: springi ndiyo inayobeba lori, shokapu ndiyo inayolizuia lisirukeruke. Kila mwaka ofisi ilimuuliza swali lile lile, tununue za rahisi au za ghali? Naye hakujibu siku hiyo hiyo hata mara moja. Kwanza aliuliza lori linabeba nini, linapita njia gani, na likirudi linarudi tupu au na mtu. Watu hupenda kusema rahisi ni ghali. Yeye hata methali hakuikubali kabla ya kuipima. Lori la mawe alilifunga springi za rahisi, nene, ngumu kama kichwa changu, na mpaka leo linatembea. Mawe hayalalamiki. "Springi rahisi si kosa," alikuwa akisema, "kosa ni kuitwisha kazi isiyo yake."

Jina la Kipimo alilipata kwa ndoo. Lori likishafungwa springi mpya, aliweka ndoo ya maji katikati ya bodi, imejaa mpaka mdomoni. Dereva analipeleka lori mpaka machimbo ya kokoto na kurudi, dakika ishirini, kwa mwendo wa kazi. Likirudi, Fundi anapanda na kupima kwa vidole, kutoka mdomo wa ndoo hadi kwenye maji. Yamepungua vidole viwili, springi zinafaa. Yamepungua kiganja, zirudi dukani. Wapo waliocheka. Wakaacha.

Sasa nifike kwenye lori la zahanati, maana ndilo lililonifanya nikubali kazi hii ya kuandika, na magoti yangu haya.

Miaka kumi na moja iliyopita ofisi ilitaka kulibadilishia springi lori linalopanda vijiji vya mlimani. Linapeleka dawa na muuguzi, linarudi na wagonjwa. Duka likaleta seti mbili za kujaribu. Moja rahisi. Ya pili ghali, shokapu za gesi, na springi zinazolainika lori likiwa tupu, zinazokaza likipata mzigo. Dereva wa lori hilo nilikuwa mimi. Waliniita Mguu wa Pamba, na sikatai. Dereva wa kunipita sijamwona bado.

Siku ya kujaribu zile za rahisi, madereva wenzangu walikaa ukutani wakinichokoza. "Mguu wa Pamba, leo ndoo itakuvua nguo!" Nikamjibu mmoja wao, "Mpwa wangu, mimi hata mkinifungia magogo, maji hayamwagiki." Jamani, mdomo huu. Nikatoka langoni, na nilipopotea machoni pao nikaanza kutambaa. Kila shimo nililizunguka kama nimebeba mayai. Dakika ishirini nikazifanya saa nzima, nikaja kusema nilikuta njia imezibwa. Ndoo ilirudi imepungua kidole kimoja. Wakanibeba juu juu. Fundi akapima, akarudia kupima, akanitazama, akauliza kama nilikwenda mwendo wa kazi. Nikasema ndiyo, Fundi, mwendo wa kazi.

Akaandika zinafaa, akatia sahihi. Ofisi ikafurahi. Nani hapendi cha rahisi kikisifiwa?

Mwezi uliofuata, jani kuu la springi, lile bamba la chuma linalobeba mengine, likakatika kwenye mteremko. Tairi likasaga bodi, lori likaegemea ukingo wa barabara. Nyuma walikuwamo muuguzi na mama mmoja mwenye nyonga iliyovunjika. Muuguzi akavunjika mkono. Yule mama tulimlaza kwenye vumbi tangu asubuhi mpaka jua kuzama. Kilio chake nakisikia kila ninapokaa kimya, na ndiyo maana nasema sana.

Uchunguzi haukuchukua hata siku mbili. Sahihi ilikuwa ya Fundi. Akapewa barua ya onyo, uzembe kazini, na ukuu wa gereji aliokuwa ameahidiwa ukaenda kwa mwingine. Mimi nikapewa cheti kwa kulizuia lori lisipinduke. Nimekitundika sebuleni.

Hakubishana. Akafungua zile rahisi, akafunga za ghali, na hizo ndizo zinazopanda mlima mpaka leo. Ila tangu hapo, kila siku ya majaribio Fundi mwenyewe alipanda nyuma akakaa kando ya ndoo, na mgongo wake ule, jua na mvua. Watu walisema ni bidii. Mimi nilijua ni nini, na yeye alijua kwamba najua. Miaka kumi na moja tumekunywa chai benchi moja na hajaniuliza hata siku moja. Bora angenitukana.

Amefundisha mafundi tisa, na hajawahi kulitoa lori gerejini akiwa na shaka nalo. Mengine nayaacha, mkono umechoka.

Ijumaa faili lake linafungwa, na barua ile bado imo ndani. Naiomba ofisi iitoe kabla ya Ijumaa, iweke karatasi hii mahali pake. Cheti changu nitakileta mwenyewe, kwa mkono wangu, asitumwe mtu.

Fundi, ndugu yangu, asante kwa miaka yote hiyo. Sikuombi unisamehe mbele za watu, hiyo ingekuwa kukulazimisha. Nenda nyumbani ukapumzike, afya ikae nawe, na usiinuke mpaka utakapotaka mwenyewe.

Anayetaka kuthibitisha haya amuulize muuguzi, ambaye sasa ndiye mkuu wa zahanati. Yule mama ametangulia mbele ya haki, lakini bintiye yupo, na aliyasikia kwa mamaye. Mlinzi wa lango wa wakati ule yu hai na akili zake timamu. Daftari lake la mwaka ule liko stoo, na ndani yake mna saa niliyotoka na ndoo na saa niliyorudi. Tangu mwaka ule uishe hakuna aliyelifungua. Juzi nimelifungua mimi, na ukurasa nimeukunja pembe.