Bomba Lisinenepe

Sikieni, watoto wangu, na msinikatize hata mkiona nimenyamaza, kwa sababu leo pumzi inakuja ikitaka. Apiyo, niinue. Basi, hapo. Osewe, weka simu chini. Najua ni fundi anauliza alete lini lile bomba nene, na hilo ndilo limeninyima usingizi siku tatu.

Nyumba hii ya Kisumu Ndogo ni ya Apiyo. Mashine ya sabuni ni yenu wawili. Mnajua nilivyoipata: nilikuwa mfagiaji wa maabara chuoni, nikaona mwalimu akipitisha mafuta na kostiki soda, ile dawa kali inayounguza, kwenye kibomba chembamba kama mrija, sabuni ikatoka kwa dakika chache, na sisi huku kwenye pipa tunakoroga kutwa. Nikaunda changu, nikakilisha mafuta machafu ya wauza chipsi, kikakubali. Kisha ikaingia tamaa. Gathogo alinipa nafasi kwenye ploti yake Kawangware, kituo cha 46, nikasema tukitaka sabuni nyingi si ni kunenepesha bomba tu, nikaweka la unene wa paja. Kwenye kibomba chembamba mafuta na kostiki havina pa kukwepana; kwenye lile nene vilipitana kama majirani waliokosana, sabuni ikatoka na kostiki mbichi ndani, akina mama walioifulia wakaungua mikono.

Mimi nilijua kosa ni la bomba langu. Nikamwambia Gathogo kwamba Wagaki, mama aliyekuwa anatupimia, ndiye aliyekosea. Wagaki alikuwa papo hapo; akanitazama, akasema, "Mzee Nicanor, nilifuata kipimo chako," akavua aproni, akaenda. Miaka sita sasa. Naona haya, wanangu, kuliko ninavyoogopa kufa.

Osewe, hao wanunuzi wa viwandani wakitaka tani, ongeza vibomba, vyembamba vilevile, ishirini, mia, kimoja kando ya kingine, na sabuni ya kila kimoja uipime. Lile nene likatae leo. Leo, nimesema. Mpigie fundi nikisikia.

Halafu nendeni kwa Wagaki, siku hizi anauza mboga kulekule 46. Mwambieni kosa lilikuwa langu, na Gathogo awepo asikie. Mpelekeeni kipande cha kwanza cha sabuni ya vibomba hivyo, lakini msimpe mkononi. Osewe, wewe ndiye unawe nacho kwanza, mbele yake, mpaka kwenye viwiko, na mngoje aone. Akipokea, sawa. Asipopokea, msimlazimishe.

Mungu awape... awape mikono mizima. Apiyo, nilaze. Osewe, umepiga? Sijakusikia ukipiga.