Mwenye Mashine ya Kihanga

Mwaka 1992, kijiwe cha kahawa cha Kihanga kilikuwa benchi moja nje ya mashine ya kusaga ya ushirika wa kijiji. Mashine yenyewe ilikuwa kimya. Mkanda ulikatika wiki aliyozikwa mwenyekiti wake, Kokuberwa, na hakuna aliyeitisha tena mkutano. Mumewe Yustus, mwendeshaji, ambaye wenzake walimwita Dizeli, bado alikuja kila asubuhi. Alisema anafuata kahawa. Nyumbani hapakukalika.

Projest, yaani Redio, ndiye aliyeanza.

— Mnakumbuka mashine hii ilivyokuja? Mwaka ule serikali imeurudisha ushirika, inasema jiungeni mtasaidiwa. Lori lililoibeba likazama kwenye tope kule Rugu.

— Tukalivuta kwa kamba! akadakia Celestin, aliyeitwa Waziri.

— Nyie? Yustus akacheka. Walivuta akina mama. Kokuberwa mbele, anaimba, tope hadi magotini. Nyie mlishika kofia zenu.

— Jioni wote weupe kwa unga, Redio akasema taratibu. Hata padri.

Wakapiga funda la kahawa.

— Iliuawa na hii sheria mpya, Waziri akasema. Eti ushirika sasa ni mali ya wanachama wenyewe. Mtu ukimwambia kitu ni chake, anakilalia.

— Acha hizo! Redio akadakia. Wakubwa wanataka tule wali. Mashine za unga zimezimwa nchi nzima.

— Hata kijiji cha Songambele?

— Songambele ndiko walikoanzia!

— Shikamooni, baba zangu.

Alikuwa mama kijana, mtoto mgongoni, kikapu cha ulezi kichwani. Akajitambulisha: Speciose, ameolewa hapo Kihanga juzi tu, anatoka Songambele.

— Marahaba, Waziri akaitikia. Kwenu mnasagaje?

— Kwa mashine, baba. Kila siku.

Redio akakohoa.

— Na hii hapa, Speciose akauliza, mwenyewe ni nani?

Waziri akachungulia kikombe chake. Yustus alifungua mdomo. Jina lililomjia lilikuwa la marehemu, akalimeza. Akainuka, akampokea kikapu.

— Leo hatusagi, mwanangu. Lakini kaa. Waziri, kawaite wanachama, tufanye mkutano.

— Wote?

— Wote. Anza na mkeo.

Akausukuma mlango wa chumba cha mashine kwa bega. Harufu ya unga wa zamani ikamjaa puani, naye akasimama gizani humo, akiivuta.