Swali la Mwalimu Asiyeona

Treni ilikuwa bado haijang'oa nanga stesheni, na tayari fundi wa kompyuta aliyekaa mbele yangu alikuwa anatoa ushauri ambao hakuna aliyemwomba. Jirani yake alikuwa mwalimu wa historia, mama asiyeona. Kompyuta iliyokuwa mapajani mwake ilimsomea insha za wanafunzi kwa kasi ya mchele unaomwagwa kwenye sinia.

"Mama, mfumo huu umezeeka, weka mpya," fundi alisema. "Hauna ulinzi tena. Wezi wa mtandaoni wataingia kama kwao."

"Najua, mwanangu. Lakini huo mpya, ukiwaka mara ya kwanza, unawaka ukisema au umenyamaza?"

Kwa miaka kumi na miwili ya kazi, fundi alikiri, hajawahi kuulizwa hilo.

"Mara ya mwisho nilipoweka mpya, ulininyamazia siku tatu. Darasa zima likangoja alama kwa sababu ya kitufe kimoja nisichokiona."

"Wezi nao hawangoji, mama. Halafu hiyo kasi, unaielewa kweli?"

"Huyu ameandika kwamba vita viliisha kabla havijaanza," alijibu bila kuisimamisha kompyuta. "Nimempa alama mbili za ujasiri."

Mimi niliyejifanya nasoma gazeti nikalikunja kwa heshima.

Treni iliposimama, mwalimu aliteremka bila kusema ataweka au hataweka. Fundi alikuwa ametoa kompyuta yake mwenyewe, mpya kabisa, amefumba macho, anapapasa kitufe cha kuifanya iseme.