Somo Lililokatizwa

Mbele yangu kwenye basi, mama mhadhiri alikuwa akimweleza fundi wa friji, mtu asiyemjua kabisa, jinsi alivyomfelisha mwanafunzi wake mchana huo. Kazi ya mama huyo ni kuwaandaa wenye shahada wakafundishe afya mashuleni.

“Alikuwa kwenye mazoezi ya ualimu, anafundisha hedhi, nami nimeketi nyuma nikimpima,” alisema. “Katikati ya somo msichana mmoja akachafua sketi. Huyu mwanafunzi wangu akavua sweta, akamfunga kiunoni, akatoka naye. Darasa zima akaliacha!”

“Sasa kosa liko wapi, dada? Si ndiyo hedhi yenyewe hiyo?”

“Watoto walibaki bila mwalimu wao, kaka. Kanuni ni kumtuma kiranja.”

“Kiranja mwenyewe mvulana?”

“Mvulana,” mama akakiri, akitazama dirishani.

“Kinachoniuma si alama,” akasema baadaye. “Aliporudi, nilimwambia mbele ya watoto, ‘Kazi hii huiwezi.’ Akaweka chaki mezani, akaondoka. Na ndiye aliyekuwa bora kuliko wote.”

“Mpigie.”

“Amezima simu.”

“Basi nenda kwao.”

“Kwao ni hapo sokoni tunapokaribia. Lakini mimi mhadhiri, nikabishe hodi kwa mwanafunzi kumwomba radhi? Wenzangu watanionaje?”

“Wenzako wako humu ndani ya basi?”

Nina mabinti wawili shuleni. Nilitamani kumwambia aende.

Basi liliposimama sokoni, nilishuka. Nilipogeuka, mama alikuwa bado ameketi, mkoba mapajani, na fundi ameshakunja magoti ili mama apite.